Muungo wa ioni na muungo wa kovalenti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapokea mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wa sekondari, kutoka kwa wazazi wanaowasaidia watoto wao kudurusu, na hata kutoka kwa walimu wenzangu. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine yamerefuka kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea, hasa pale wanapoambiwa kwamba sodiamu "inataka" kutoa elektroni. Haitaki, na nitaonyesha kwa hesabu.

Muungo wa kemikali ni nini hasa?

Ni mvutano wa umeme unaozishikanisha atomu. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na elektroni zenye chaji hasi zinazokizunguka. Chanya na hasi huvutana; chaji za aina moja husukumana. Atomu mbili zikikaribiana, mivutano na misukumano yote hiyo hufanya kazi kwa pamoja. Kama kuna namna ya kukaa pamoja yenye nishati ndogo kuliko kukaa mbalimbali, atomu zitashikana. Wengine husema bondi, wengine muungo; kitu ni kilekile.

Elektroni hukaa kwenye maganda, yaani ngazi zinazokizunguka kiini, na zinazohusika ni zile za ganda la nje. Za ndani zimeshikwa sana na kiini, hazishiriki.

Kwa ufupi, tofauti ni ipi?

Katika muungo wa ioni, elektroni imehama. Atomu moja imepoteza elektroni ikawa ioni chanya, nyingine imepokea ikawa ioni hasi, na ioni hizo zinavutana. Katika muungo wa kovalenti hakuna elektroni iliyohama moja kwa moja: atomu mbili zinatumia jozi ya elektroni kwa pamoja, na jozi hiyo inavutwa na viini vyote viwili.

Kanuni ya haraka ni kwamba metali na simetali hutoa muungo wa ioni, na simetali na simetali hutoa muungo wa kovalenti. Itakufaa katika maswali mengi ya mtihani. Lakini ina mashimo, na tutayafikia.

Je, ni kweli sodiamu hutoa elektroni kwa hiari ili ganda lake la nje lijae?

Si kweli, na hili naomba ulisome taratibu, kwa sababu ukilielewa mengine yote yatakaa sawa.

Sodiamu ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17, zimepangwa 2, 8, 7. Mchoro tuliouzoea unaonyesha ile elektroni moja ya sodiamu ikirukia kwa klorini, kila mmoja anabaki na nane, hadithi imekwisha. Mchoro huo unaonyesha mwanzo na mwisho kwa usahihi. Ila hauelezi kwa nini jambo hilo litokee.

Tufanye hesabu ya nishati kwa moli moja (kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe) ya chumvi, NaCl. Tunaanza na kipande cha sodiamu na gesi ya klorini. Kwanza inabidi atomu za sodiamu zitoke kwenye kipande cha metali na kuwa gesi: gharama yake ni kilojuli 107. Kisha kuing'oa elektroni moja kutoka kila atomu ya sodiamu: kilojuli 496. Hiyo ni gharama kubwa. Sodiamu inaishikilia elektroni yake, na lazima ulipie kuiondoa. Halafu klorini iko kama molekuli za Cl₂, kwa hiyo nusu moli ya molekuli hizo lazima ivunjwe: kilojuli 121. Mpaka hapa tumetumia 724.

Sasa klorini inapokea elektroni na kuturudishia kilojuli 349. Bado tuna upungufu wa 375. Kama habari ingeishia hapa, kwamba kila mmoja amepata ganda lililojaa na ameridhika, chumvi isingetokea kamwe, kwa sababu tungekuwa tumepata hasara.

Faida inatoka hatua ya mwisho. Ioni zote hizo, zikiwa mbalimbali kama gesi, zinapojipanga kuwa fuwele, yaani kigumu chenye mpangilio unaojirudia, zinatoa takriban kilojuli 787. Toa ule upungufu wa 375, unabaki na faida ya 412. Maabara wakipima joto linalotolewa sodiamu inapoungana na klorini, wanapata kama 411. Hesabu imekubali.

Kwa hiyo kinacholipia gharama yote ni mvutano wa ioni ndani ya fuwele. Kanuni ya elektroni nane ni nzuri kwa kubashiri fomula, na mimi mwenyewe naifundisha, lakini haisukumi chochote. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini sodiamu haitoi elektroni ya pili, jibu liko kwenye hesabu hiyohiyo: elektroni ya pili inatoka ganda la ndani, na kuing'oa kunagharimu zaidi ya kilojuli 4,500. Hakuna fuwele ya sodiamu na klorini inayoweza kulipa deni hilo.

Mbona inasemwa hakuna molekuli ya chumvi? Si NaCl ni molekuli?

Chukua chembe chache za chumvi ya kawaida, ziweke juu ya karatasi nyeusi, uziangalie kwa lenzi ya kukuzia. Utaona vijisanduku. Baadhi vimemeguka pembe, lakini kuta zake zimenyooka na kona zake ni za mraba. Umbo hilo linatokana na mpangilio wa ioni ndani yake: kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita kwa namna ileile.

Sasa jiulize: katika hao sita, yupi ndiye "mwenzake" wa sodiamu hii? Hayupo. Zote sita ziko umbali mmoja, nanomita 0.28. Chembe yenye upana wa milimita moja ina safu ya ioni zaidi ya milioni tatu na nusu kutoka ukuta hadi ukuta. NaCl ni uwiano tu, ioni moja kwa moja. Haimaanishi kuna kifurushi cha atomu mbili kinachojitegemea.

William Henry Bragg na mwanawe Lawrence ndio walioufichua mpangilio huo mwaka 1913 kwa kutumia eksirei, na mwaka 1915 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Wapo wakemia waliokataa kuamini. Mwaka 1927, miaka 14 baadaye, mkemia Mwingereza Henry Armstrong bado alikuwa akiandika katika jarida la Nature kupinga wazo la chumvi isiyo na molekuli. Kwa hiyo ukiona jambo hili linakusumbua, halijakusumbua peke yako.

Maji ni tofauti. Kila atomu ya oksijeni ina hidrojeni zake mbili inazozishikilia kwa jozi za elektroni, na ukichota molekuli moja ya H₂O ukaiweka peke yake, inabaki kuwa H₂O. Hiyo ndiyo molekuli.

Elektroni zote ni hasi na zinasukumana. Jozi yake inawezaje kushikanisha atomu?

Swali zuri, na wengi hulipita bila kuliuliza. Tazama hidrojeni, H₂, ambayo ndiyo molekuli rahisi kuliko zote. Elektroni mbili zinapokuwa katikati ya viini viwili, kila elektroni inavutwa na viini vyote viwili, na mvutano huo unaushinda msukumano wa elektroni kwa elektroni na wa kiini kwa kiini. Atomu zikikaribiana mno, viini vinasukumana kwa nguvu; zikiachana, mvutano unapungua. Mahali pa utulivu ni pikomita 74. Kuzitenganisha kutoka hapo kunahitaji kilojuli 436 kwa moli.

Wazo la jozi lilitolewa na Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916, na jina la kovalenti likatumiwa kwanza na Irving Langmuir mwaka 1919. Hesabu kamili ya kwa nini jozi inafanya kazi ilingoja fizikia ya kwanta: Walter Heitler na Fritz London waliifanyia molekuli ya H₂ mwaka 1927.

Atomu mbili zinaweza kushirikiana jozi moja, mbili au tatu. Jozi zikiongezeka, atomu zinakaribiana na muungo unakuwa imara zaidi. Kaboni kwa kaboni: jozi moja pikomita 154, mbili 134, tatu 120. Naitrojeni ya hewani ina jozi tatu, na kuivunja molekuli yake kunataka kilojuli 945 kwa moli. Ndiyo maana gesi hiyo, ingawa ni asilimia 78 ya hewa, inaingia na kutoka mapafuni mwetu bila kufanya chochote.

Chumvi huyeyuka kwa nyuzijoto 801, maji huchemka kwa 100. Basi muungo wa kovalenti ni dhaifu?

Hapana! Kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari kuliko kosa lingine lolote la mada hii.

Maji yanapochemka, muungo wa kovalenti haukatiki hata mmoja. Mvuke unaotoka ni H₂O ileile. Kilichoachana ni molekuli na molekuli, ambazo zilikuwa zimeshikana kwa mivutano midogo. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 41 kwa moli. Kuukata muungo mmoja wa oksijeni na hidrojeni kunahitaji kama 463, na kila molekuli ina miungo miwili. Kama maji yangechemka kwa kukatika miungo yake, sufuria ingetoa hidrojeni na oksijeni, na jiko lingelipuka.

Ukitaka kuona kovalenti yenyewe ikipimwa nguvu, tafuta kitu ambacho kovalenti imeenea kote bila kuishia kwenye molekuli ndogo. Almasi ni kaboni iliyounganishwa na kaboni nne, hizo nazo na nyingine, mpaka mwisho wa jiwe. Kwatzi, SiO₂, ni hivyo pia, na inayeyuka karibu na nyuzi 1,700, mara mbili ya chumvi.

Ioni nazo hazilingani. Magnesi oksidi, MgO, inayeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,800, kwa kuwa ioni zake zina chaji mbili mbili badala ya moja moja.

Nitatofautishaje kwa jaribio?

Kwa umeme. Unahitaji betri ndogo, balbu ndogo, nyaya na vijiti viwili vya kaboni. Tumbukiza vijiti kwenye chumvi kavu: balbu haiwaki. Ioni zipo, zina chaji, lakini zimefungwa kila moja mahali pake. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga, na waya wa balbu utaanza kuwa mwekundu, kisha utang'aa. Ukitazama kwa karibu utaona vipovu kwenye vijiti. Osha kila kitu, rudia kwa sukari: balbu inabaki kimya hata ukiweka sukari kiasi gani, kwa sababu molekuli za sukari zinaelea nzimanzima bila chaji.

Tumia betri tu. Usithubutu kutumia umeme wa ukutani. Na usiache jaribio la chumvi liendelee kwa muda mrefu ndani ya chumba kilichofungwa, kwani baadhi ya vipovu hivyo ni gesi ya klorini.

Jaribio hili lina watu wawili wa kukuchanganya. Hidrojeni kloridi, HCl, ni gesi ya kovalenti, lakini ikiingia majini inapitisha umeme vizuri kabisa. Sababu ni kwamba inajibizana na maji na kuzaa ioni ambazo hazikuwepo mwanzo. Grafiti nayo ni kovalenti na inapitisha umeme ikiwa kavu, kwa kuwa kila kaboni imebakiwa na elektroni moja inayoweza kutembea kwenye tabaka lake.

Kwa nini fuwele ya chumvi ikigongwa hupasuka badala ya kubonyea kama metali?

Pigo linasogeza tabaka moja kwa nafasi moja. Chanya inajikuta mbele ya chanya, hasi mbele ya hasi. Tabaka zinasukumana na fuwele inapasuka kwa mstari ulionyooka.

Mwalimu alisema chumvi inayeyuka kwa nyuzi 801. Mbona ndani ya maji baridi inayeyuka?

Hapa lugha ndiyo inayotukoroga. Neno kuyeyuka tunalitumia kwa mambo mawili. Kuyeyuka kwa joto ni kitu kigumu kugeuka kimiminika chenyewe, bila msaada wa kingine. Kitu kupotelea ndani ya maji ni kumumunyuka. Nawasihi walimu wenzangu tulitumie neno hili la pili, kwa sababu lipo, ni letu, na linaondoa utata papo hapo.

Chumvi inapomumunyuka, maji yanafanya kazi ambayo joto lingeifanya. Upande wa oksijeni wa molekuli ya maji una uhasi kidogo, upande wa hidrojeni una uchanya kidogo. Molekuli za maji zinaizingira kila ioni, zinaivuta kutoka kwenye fuwele na kuifunika pande zote.

Je, kampaundi zote za ioni humumunyuka majini?

La. Fedha kloridi karibu haimumunyuki kabisa. Bariamu salfati pia, na watu wanaishi kwa faida ya jambo hilo: mgonjwa anayepigwa eksirei ya tumbo huweza kunyweshwa uji wa bariamu salfati ili utumbo uonekane kwenye picha. Ioni za bariamu ni sumu, lakini fuwele inazishikilia, na zinapita mwilini bila kumdhuru. Na sukari, ambayo ni kovalenti, inamumunyuka vizuri sana. Kumumunyuka peke yake si kipimo cha aina ya muungo.

Mpaka kati ya ioni na kovalenti uko wapi?

Hakuna ukuta. Kuna mteremko.

Linus Pauling alianzisha mwaka 1932 kipimo cha nguvu ya atomu ya kuvuta elektroni za muungo, yaani elektronegativiti. Florini iko juu kabisa, 3.98. Oksijeni 3.44, klorini 3.16, kaboni 2.55, hidrojeni 2.20, sodiamu 0.93. Ukichukua atomu mbili za klorini, tofauti ni sifuri na jozi iko katikati. Hidrojeni na klorini, tofauti ni 0.96: jozi imesogea upande wa klorini, na muungo una ncha mbili, moja hasi kidogo, moja chanya kidogo. Sodiamu na klorini, tofauti ni 2.23: jozi imekwenda karibu yote.

Utaona pameandikwa kwamba tofauti ikizidi 1.7 muungo ni wa ioni. Itumie kama makadirio tu. Hidrojeni na florini zina tofauti ya 1.78, lakini HF ni molekuli na inachemka kwenye nyuzi kama 20 tu. Alumini nayo inatoboa ile kanuni ya metali na simetali: alumini floridi ni kigumu kinachostahimili zaidi ya nyuzi 1,200, ilhali alumini kloridi inageuka mvuke karibu na nyuzi 180, na mvuke wake una molekuli. Ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji tatu, hivyo inavuta wingu la elektroni la kloridi, ambalo ni kubwa na laini, mpaka linakuwa la wote wawili. Floridi ni ndogo na imekaza, haivutiki hivyo.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayeandika "muungo huu una sifa ya ioni zaidi kuliko ya kovalenti" ameelewa kuliko anayeandika neno moja tu.

Kitu kimoja kinaweza kuwa na miungo yote miwili?

Ndiyo, na ni kawaida sana. Mawe ya chokaa ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Ndani ya kaboneti, kaboni na oksijeni zimeungana kwa kovalenti. Kati ya kaboneti nzima na kalsiamu, mvutano ni wa ioni. Amoniamu kloridi, NH₄Cl, ni mfano ninaoupenda zaidi: ni kampaundi ya ioni isiyo na metali hata moja.

Amonia, NH₃, ikishika ioni ya hidrojeni na kuwa NH₄⁺, naitrojeni ndiyo inayotoa elektroni zote mbili za muungo wa nne. Lakini ukishaundika, miungo yote minne inafanana. Hakuna kipimo kitakachokuonyesha upi ulikuja mwisho.

Muungo wa hidrojeni ni aina ya kovalenti?

Hapana, jina linapotosha. Ni mvutano kati ya molekuli na molekuli, na katika maji nguvu yake ni kama kilojuli 20 kwa moli. Linganisha na ile 463 ya muungo wa oksijeni na hidrojeni.

Na metali kwa metali?

Huo ni muungo wa tatu, wa metali: ioni chanya zikiwa ndani ya elektroni zinazozurura kipande kizima. Hapa hatuujadili.

Nichoreje kwenye mtihani nisipoteze alama?

Kwa kovalenti, chora maganda ya nje yakiingiliana, weka jozi kwenye sehemu ya pamoja, na usisahau elektroni ambazo hazikushiriki. Katika maji, oksijeni inabaki na jozi mbili za namna hiyo, na wengi huziacha.

Kwa ioni, chora kila ioni peke yake ndani ya mabano ya mraba, chaji ikiwa juu kulia. Usiweke mstari kati ya Na na Cl. Mstari maana yake ni jozi inayoshirikiwa. Ukiulizwa magnesi kloridi, magnesi inapoteza elektroni mbili na kila klorini inapokea moja, kwa hiyo unachora Mg²⁺ moja na Cl⁻ mbili, kila kloridi kwenye mabano yake. Chaji zijumlishwe ziwe sifuri kabla hujageuza ukurasa.